Saini yangu inaharibikia njiani, nifanyeje?

Wataalamu, habari za kazi.

Mimi ni karani wa chama cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Asali na nta tunakusanya Sikonge na Kaliua, na mnunuzi wetu mkubwa yuko Ujerumani. Msimu huu ametaka ankara na namba ya akaunti vimfikie kwa barua pepe yenye saini ya kidijitali, kwa kuogopa ankara za matapeli. Nikanunua cheti cha kidijitali cha kutengenezea saini hiyo, nikakiweka kwenye kompyuta ya ofisi, nikajua tumemaliza.

Ankara ya kwanza tu akajibu: saini batili, ujumbe umebadilishwa baada ya kusainiwa. Hela hatumi. Nta imejaa stoo.

Nilianza kushuku saa. Umeme ukikatika kompyuta yetu ilikuwa inarudi 2015, na kwa tarehe hiyo cheti kinasomeka kama hakijaanza kutumika. Nikabadilisha ile betri bapa kama sarafu inayotunza saa ya kompyuta, saa ikatulia, lakini Ujerumani wakasema bado. Cheti chenyewe hakijaisha muda, na anwani iliyomo ndiyo ninayoitumia.

Ndipo nikamwomba mnunuzi aihifadhi barua kama ilivyomfikia, aniletee faili lake zima. Nikaliweka kando ya nakala iliyobaki kwangu kwenye zilizotumwa. Yangu inasomeka halali. Ya kwake, neno kwa neno ni ile ile mpaka chini ya jina langu, halafu nakuta: "Ujumbe huu ni wa siri. Kama hukukusudiwa wewe, ufute." Sikuandika mimi! Seva ya kampuni inayotuhifadhia barua ndiyo inayobandika mistari hiyo kwenye kila barua inayotoka, nikiwa nimeshasaini. Na saini hukokotolewa kutokana na ujumbe wote. Ukiongeza hata herufi moja, hesabu inakataa. Ni sawa na kuifunga ndoo kwa lakiri Sikonge, halafu mtu wa ghala aifungue ili atumbukize kikaratasi cha "asali safi".

Kampuni wanasema maneno hayo wanaweza kuyaondoa kwa anwani zote, siyo yangu peke yake. Mwenyekiti hataki. Ni yeye aliyeagiza yawekwe, tangu orodha yetu ya bei ilipoangukia mikononi mwa dalali. Ni mzee ninayemheshimu, sijui nimwingieje.

Kijana mmoja fundi ameniambia nitumie saini ya aina nyingine, ile ya faili la p7m inayoufungia ujumbe wote ndani. Lakini wenzangu wanasoma barua kwa simu; nina wasiwasi wataona kiambatisho kisichofunguka. Mimi nafikiria kuisaini ankara yenyewe ya PDF, barua iende hivyo hivyo bila saini, seva ibandike ipendavyo. Je, mnunuzi aliyezoea kuangalia saini ya barua ataikubali? Na hiyo p7m, seva ya namna hii itaiacha salama kweli?

Naomba aliyewahi kupambana na jambo hili anijibu, mnunuzi anasubiri.

Karani wa asali, Tabora