Heri ya Krismasi, na habari za shule moja ya Canterbury

Ndugu zangu, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka.

Kila Desemba tunasomewa kwamba Mariamu alimlaza mwanawe horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Tumeuzoea mstari huo, na mwenye nyumba ile hatumuulizi chochote. Mwaka huu nimemfikiria sana, kwa kuwa nimekuwa nikisoma habari za shule ndogo ya wasichana iliyokuwa Canterbury, jimbo la Connecticut, Marekani.

Aliifungua Prudence Crandall mwaka 1831. Yeye alilelewa katika familia ya Quaker, Wakristo wa dhehebu lenye jina hilo (ambao, ajabu, zama zile hawakuadhimisha Krismasi hata kidogo). Wakubwa wa kijiji ndio waliomwomba awafundishe binti zao, na sifa zikawa nyingi. Mwaka uliofuata binti mweusi, Sarah Harris, akaomba nafasi ili naye aje kuwa mwalimu. Hakuwa mgeni: baba yake alikuwa mkulima, na yeye mwenyewe alikuwa muumini wa kanisa la pale pale. Crandall akampokea. Wazazi wakachachamaa, wakatishia kuwaondoa binti zao.

Hapo ndipo mwalimu huyu aliponishangaza. Badala ya kumrudisha mmoja, aliwarudisha makwao wale wengine, na Aprili 1833 akafungua tena, safari hii kwa wasichana weusi. Ada ilikuwa dola 25 kwa muhula, nusu ikilipwa mapema. Wakaja kutoka Boston, Providence, New York na Philadelphia, mpaka wakapindukia 20.

Kijiji kikawageuka. Wenye maduka wakagoma kuwauzia, kisima chao kikatiwa samadi, daktari akakataa kuwatibu, na kanisa likawafungia mlango. Mei 24, 1833, bunge la jimbo likapiga marufuku kuwasomesha watu weusi wa nje ya jimbo bila kibali cha mji husika. Crandall akakamatwa, akalala jela usiku mmoja. Kesi ya kwanza baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana. Ya pili akatiwa hatiani. Julai 1834 hukumu ikatenguliwa kwa kasoro ya kisheria tu. Usiku wa Septemba 9 mwaka huo genge likaivamia nyumba na kuvunja madirisha. Akaifunga shule, kwa kuhofia maisha ya wanafunzi wake.

Mwenye nyumba ya wageni kule Bethlehemu angeweza kujitetea kwamba vyumba vilijaa. Canterbury nafasi ilikuwapo. Na waliokataa walikuwa majirani waheshimiwa, watu wa Jumapili kanisani, wengine wanasheria. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata yale madirisha.

Lakini walikuwapo wengine pia. Mchungaji Samuel May wa mji jirani wa Brooklyn alisimama naye, Arthur Tappan, mfanyabiashara wa New York, akagharamia mawakili, na baba yake Crandall akawa anawaletea wasichana maji kutoka shambani kwake.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1838. Mwaka 1886, Crandall akiwa ajuza wa miaka 82 anayeishi Kansas, Connecticut ikampa pensheni ya dola 400 kwa mwaka. Ilichelewa mno, kwa maoni yangu, ingawa afadhali ilifika yungali hai.

Basi salamu zangu za msimu huu ziwafikie kwanza mabinti wanaosubiri kujua kama watapata nafasi shuleni, na walimu watakaoamua kuwapokea huku watu wakinung'unika. Ziwafikie pia wasio walimu wala mawakili, ambao kazi yao ni kubeba maji tu. Krismasi njema kwenu nyote, na mwaka mpya uwakute salama.