Akiba ya kanisa iwe na kazi inayojulikana

Mhariri,

Mjadala kuhusu utajiri wa makanisa na mashirika yasiyolenga faida huanzia mara nyingi kwenye ukubwa wa fedha. Mmoja hutaja mabilioni, mwingine humjibu kwamba aliyetoa alitoa kwa hiari yake, na mazungumzo hukwama hapo. Mimi sioni ubaya wa taasisi kujiwekea akiba. Nimekuwa mhazini wa usharika kwa miaka kadhaa, na ninaijua miezi ambayo kapu la sadaka hurudi jepesi ilhali mishahara ya watumishi na bili ya umeme ziko palepale.

Ninachohoji ni akiba isiyo na kazi. Barabara ipitayo mbele ya kanisa, zimamoto watakaokuja jengo likishika moto, na mahakama inayolinda hati ya kiwanja, vyote hugharimiwa na walipa kodi, wakiwamo wasiowahi kuingia humo kusali. Wanabebeshwa mzigo huo kwa kutarajia kwamba fedha isiyotozwa kodi itafanya kazi iliyotajwa kwenye katiba ya taasisi. Fedha hiyo ikizaa, na kilichozaliwa nacho kikarudishwa kwenye hisa kizae tena, mwaka baada ya mwaka, sielewi kinachosamehewa kodi ni huduma gani.

Marekani inatufaa kwa mfano. Tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969, wakfu binafsi nchini humo, yaani mifuko ya hisani inayoanzishwa na mtu, familia au kampuni, hulazimika kutoa sehemu ya mali yao kila mwaka, na kiwango cha sasa ni takriban 5% ya thamani ya vitega uchumi vyao. Makanisa hayabanwi na sharti hilo, wala hayalazimiki kuwasilisha kwa mamlaka ya kodi taarifa ya mwaka ambayo mashirika mengine ya hisani huiwasilisha. Usiri wa namna hiyo ulionekana Februari 2023, pale tume inayosimamia masoko ya hisa ilipoitoza Ensign Peak, kampuni inayosimamia uwekezaji wa Kanisa la Wamormoni, faini ya dola milioni 4, na kanisa lenyewe dola milioni 1. Kampuni za jina tu zilikuwa zimeundwa ili umiliki wa hisa, uliokaribia dola bilioni 32 kufikia mwaka 2018, usijulikane ni wa nani. Kuwa na fedha hizo halikuwa kosa. Waliadhibiwa kwa kuzificha. Vyuo vikuu navyo si watakatifu katika hili: Harvard ina mfuko wa zaidi ya dola bilioni 50, na Bunge la Marekani liliamua mwaka 2017 kutoza 1.4% ya mapato ya uwekezaji ya vyuo binafsi vyenye utajiri mkubwa kwa kila mwanafunzi.

Watetezi wa malimbikizo hupenda kumtaja Yusufu na maghala ya Misri. Mfano huo ninaukubali kwa moyo wote, kwa kuwa Yusufu alijua anaweka kwa ajili ya nini, kwa miaka mingapi, na njaa ilipofika alifungua.

Sisi hatukufungua. Katika kikao kimoja cha kamati nilisoma taarifa kwamba akaunti yetu ya muda maalumu imevuka matumizi ya miaka mitatu, na wajumbe wakapiga makofi. Ajenda ya mwisho ilikuwa ombi la mama mmoja mzee aliyehitaji dawa. Tuliamua ajibiwe kwamba kifungu cha misaada kimekwisha, na kweli kilikuwa kimekwisha, hakuna aliyedanganya. Barua ya kumjibu niliiandika mimi.

Ndiyo maana napendekeza taasisi yoyote inayofaidi msamaha wa kodi, ya dini au isiyo ya dini, ichapishe hesabu zilizokaguliwa, itamke akiba yake ni ya miezi mingapi na kwa shughuli gani, na kinachozidi hapo kitoke kila mwaka kwa kiwango kinachojulikana, kama wakfu wanavyofanya. Wapo watakaosema huko ni serikali kuingilia ibada, lakini hakuna anayegusa mahubiri. Kwenye ubao wa matangazo wa usharika wetu hubandikwa majina ya waumini ambao hawajamaliza ahadi zao, na pembeni yake pana nafasi ya kutosha karatasi ya hesabu.

Mhazini wa usharika