Barua kwa Bakari: mwaka 1967 na haki za Waaborijini

Mpendwa rafiki yangu Bakari,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata pamoja na maandalio ya somo lako la historia, na nakujibu mapema kwa sababu imo sentensi moja ambayo nisingependa wanafunzi wako waondoke nayo, ile isemayo kwamba serikali ya Australia iliwapa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo, haki ya kupiga kura mwaka 1967. Kauli hiyo hurudiwa hata na Waaustralia wenyewe, lakini si kweli, na inanisikitisha kwa kuwa inaifanya historia nzima ionekane kama ukarimu wa serikali.

Kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967 ilibadilisha mambo mawili tu katika Katiba ya 1901. Ilifuta ibara ya 127, ambayo kwayo Waaborijini hawakuhesabiwa katika idadi ya watu wa nchi, na ikaondoa maneno yaliyolizuia Bunge la shirikisho kutunga sheria mahususi juu yao, kazi iliyokuwa imeachiwa majimbo. Zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ilikuwa imekwisha kuwafikia wote mwaka 1962, na Queensland, jimbo la mwisho kuikubali katika uchaguzi wake, ilifanya hivyo mwaka 1965.

Waulize basi wanafunzi majimbo yalikuwa yakiyatumiaje mamlaka hayo. Yalitunga sheria zilizoitwa za ulinzi. Chini ya sheria ya Queensland ya 1897, mtu aliweza kuhamishiwa katika eneo lililotengwa bila hiari yake, akaajiriwa kwa kibali tu, na ujira wake ukashikwa na ofisa wa serikali. Wengi hawakuuona kamwe, hata ikabidi serikali ya jimbo ikubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 190 kumaliza kesi ya madai hayo. Sheria ya Western Australia ya 1905 ilimfanya Mlinzi Mkuu, ofisa wa serikali aliyesimamia mambo ya Waaborijini, kuwa mlezi kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi umri wa miaka 16, hata kama mama yake yu hai na anamlea vizuri. New South Wales nayo, mwaka 1915, iliiruhusu bodi yake ya mambo ya Waaborijini kuwachukua watoto bila kwenda mahakamani. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 1997 ilikadiria kwamba kati ya 1910 na 1970 waliochukuliwa walikuwa kuanzia mtoto mmoja katika kila kumi hadi mmoja katika kila watatu. Siwezi kuiandika hesabu hiyo bila kuwafikiria wale mama.

Ukipata nafasi ya kueleza tukio moja tu kwa kina, chagua la Wave Hill. Ranchi hiyo ya ng'ombe katika Northern Territory ilishikwa na kampuni ya Vestey ya Uingereza, na Wagurindji, wenye nchi hiyo tangu enzi, walifanya kazi humo kwa mgao wa chakula na ujira uliokuwa chini sana ya ule wa wazungu. Mwaka 1966 kamisheni ya usuluhishi wa migogoro ya kazi iliamua kwamba wachunga ng'ombe wa Kiaborijini walipwe sawa na wengine, lakini ikaahirisha utekelezaji hadi Desemba 1968. Wagurindji hawakungoja. Agosti 1966 Vincent Lingiari aliwaongoza wachunga ng'ombe, watumishi wa nyumbani na familia zao, watu wapatao 200, wakaondoka ranchini. Na mwaka uliofuata wakahamia mahali paitwapo Wattie Creek, wakamwandikia Gavana Mkuu kudai ardhi yao. Ombi hilo lilikataliwa mwaka uleule wa 1967 unaosifiwa katika somo lako. Walibaki pale hadi tarehe 16 Agosti 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alipommiminia Lingiari mchanga mkononi, ishara ya kurudishiwa ardhi, na kumkabidhi hati ya kupangishwa sehemu ya ardhi hiyo. Umiliki wa asili wenyewe, yaani haki ya wenyeji juu ya ardhi ya mababu zao, haukutambuliwa na Mahakama ya Juu hadi Juni 1992, katika kesi ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer katika Torres Strait, aliyefariki miezi michache kabla ya hukumu.

Umeuliza kwa nini basi kura ya maoni ya Oktoba 2023, ya kuingiza katika Katiba chombo cha wenyeji wa asili cha kulishauri Bunge na serikali, ilishindwa, kiasi cha asilimia 60 wakikataa. Mwaka 1967 hakuna mbunge aliyepiga kura ya kuupinga muswada, kwa hiyo wananchi hawakupelekewa hoja rasmi ya kukataa; mwaka 2023 chama kikuu cha upinzani kilisimama dhidi yake. Naona pia kwamba kufuta maneno ya ubaguzi ni rahisi kuliko kukubali chombo cha kudumu cha ushauri, ambacho wajumbe wa Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait walikiomba walipokutana Uluru, penye mwamba mtakatifu katikati ya Australia, mwaka 2017.

Rekebisha sentensi hiyo kabla ya kuingia darasani, na uniandikie wanafunzi walisema nini kuhusu Wave Hill.

Nduguyo,
Zuberi