Dansa anahitaji sakafu kabla ya tamasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sakafu.

Nafundisha dansi ya kisasa hapa Dar es Salaam. Simaanishi muziki wa dansi wa bendi, bali ngoma ya jukwaani ambayo mtunzi huchukua ngoma ya jadi kama sindimba au mdundiko, akaivunjavunja na kuijenga upya ili aseme jambo lake. Miaka yote hii nimewarusha vijana wa watu juu ya vigae na saruji. Saruji haibonyei. Mguu ukitua, kishindo chote humrudia mtu kwenye ugoko, goti na kiuno. Mwaka wa kwanza kijana hasikii kitu. Wa tatu anaamka akichechemea. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye mruko ambao sijauona tena kwa mwingine, aliacha akiwa na miaka 23. Sasa anaendesha bodaboda.

Sakafu inayofaa ni mbao zilizopigiliwa juu ya fremu, chini yake vipande vya mpira, ili ibonyee kidogo mtu anapotua. Seremala wa Keko anaiweza. Shida ni pa kuiweka. Tunakodi kumbi kwa saa, na ikitokea sherehe yenye fedha zaidi tunatolewa. Wiki moja kabla ya onyesho letu tulijikuta nje, viatu mkononi, ndani wanapamba ukumbi wa send-off.

Najua tuna Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, leo ndiyo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wengi wetu kinatudai shukrani. Lakini mhitimu anakwenda wapi? Mcheza mpira ana klabu na kocha wa kumwamsha alfajiri. Dansa ana cheti. Asipopata mazoezi ya kila siku mbele ya jicho la mwalimu, miezi sita tu inatosha kuupoteza mwili alioujenga kwa miaka mitatu. Warsha za siku tano, mgeni akaja, picha zikapigwa, akaondoka, haziwezi kuziba pengo hilo, hata mgeni awe hodari namna gani.

Wapo waliothubutu. Germaine Acogny, dansa wa Senegal, aliiongoza Mudra Afrique, shule ya dansi ya Dakar iliyofunguliwa mwaka 1977 kwa nguvu za Rais Senghor na mtunzi wa dansi Mfaransa, Maurice Béjart. Shule ile haikutimiza hata miaka 10. Hakukata tamaa. Mwaka 1998 yeye na mumewe, Helmut Vogt, walianzisha École des Sables, yaani Shule ya Mchanga, katika kijiji cha Toubab Dialaw, na hadi leo dansa kutoka kila pembe ya Afrika huenda kujifunza pale, wakicheza juu ya mchanga. Karibu nasi zaidi, Faustin Linyekula, dansa wa Kongo ambaye mwaka 1997 alishirikiana na Mkenya Opiyo Okach kuanzisha kundi la dansi la Gàara jijini Nairobi, aliihamishia Kisangani, Kongo, Studios Kabako, nyumba yake ya dansi, mwaka 2006. Kisangani, mji uliokuwa umetoka kupigwa mabomu! Kama pale pamewezekana, Dar es Salaam tunangoja nini?

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo, na mkopo unamfaa mwenye filamu au nyimbo za kuuza. Darasa la saa mbili asubuhi haliuzwi popote, hivyo haliwezi kulipa rejesho. Naomba Mfuko utenge ruzuku, hata ndogo, kwa miaka mitatu mfululizo, iende kwenye nyumba moja ya mazoezi: mishahara ya walimu wawili na mtaalamu wa viungo wa kuja mara moja kwa wiki. Mbao tutachanga wenyewe.

Nazisemesha pia halmashauri za jiji hili. Yenye ukumbi unaoshinda na kufuli asubuhi, tuko tayari kuja kuupima wiki hii hii.

Mwalimu wa dansi,
Dar es Salaam