Kiuno kipimwe, si kilo peke yake

Mhariri,

Wengi hapa Kampala hupanda mizani, wakaona kilo si nyingi, wakatulia. Kwa habari ya kiharusi, kiuno husema zaidi. Mafuta yanayozunguka matumbo huchangia kupandisha presha na sukari, na presha ndiyo huchakaza mishipa ya ubongo hadi izibe au ipasuke.

Futi ya fundi cherehani yatosha. Ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kuikaza. Mwanamume akivuka sentimita 94, au mwanamke 80, hatari imeanza; 102 na 88, imekuwa kubwa.

Kliniki nazo hukosea: mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo wa presha, namba hupanda kwa uongo. Mgonjwa aombe mkanda mkubwa, akae kimya dakika 5 kwanza.

Kila kilo inayopungua hushusha presha kwa takriban pointi moja. Tuanze kwa kupunguza soda na rolex za usiku, zile chapati zilizoviringishiwa mayai. Matoke ya mvuke hayana kosa, kosa ni mlima wake kwenye sahani. Na aliyepungua asijiachishe dawa. Hilo ni la daktari.

Wahudumu wa afya,
Kampala