Risala ya Vijana wa Skwoshi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu, walimu, wazazi na wachezaji wenzetu,

Tunayo furaha kubwa kukukaribisha siku hii ya kufunga mafunzo ya likizo ya kikundi chetu cha vijana wa skwoshi, mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, hapa Dar es Salaam. Ahsante kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi katika joto hili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu hatuombi raketi wala viatu. Tunaomba walimu, na walimu wenyewe tunao. Ni kaka na dada zetu waliokuwa wakitwaa vikombe, ambao leo wamestaafu na hakuna anayewaita.

Wenzetu wa Australia walirudi kutoka Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 bila hata medali moja ya dhahabu. Uchungu ule ukachochea kuanzishwa kwa Taasisi ya Michezo ya Australia, iliyofunguliwa Canberra mwaka 1981. Mwaka 1985 kitengo chake cha skwoshi kikaanza mjini Brisbane, chini ya kocha Geoff Hunt, na pamoja naye Heather McKay.

Tuwaeleze kidogo watu hawa. Mama McKay alitwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza (British Open) mara 16 mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1977. Hunt aliutwaa mara 8, akaongeza ubingwa wa dunia mara 4. Mwaka 1981, akiwa na miaka 34, alimshinda Jahangir Khan wa Pakistan, kijana wa miaka 17, katika fainali ya ubingwa huo wa Uingereza, iliyochukua zaidi ya saa mbili. Mtu wa namna hiyo akikwambia urudie zoezi, unarudia bila kuuliza. Katika waliolelewa na mpango ule wamo Sarah Fitz-Gerald, bingwa wa dunia mara 5, na David Palmer, mara 2.

Mheshimiwa, skwoshi ni mchezo wa mambo madogo. Mpira uambae ukuta wa pembeni hadi kona ya nyuma, nawe uwe umesharudi katikati, kwenye alama ya T, kabla mpinzani hajapiga. Mpira wenyewe, ule wa nukta mbili za njano, haudundi vizuri mpaka upate moto. Mambo haya yameandikwa vitabuni. Lakini aliyewahi kucheza seti ya tano miguu ikitetemeka ndiye anayekuona umekodolea macho ukuta wa mbele huku mpinzani yuko nyuma yako, na anakwambia palepale.

Wiki hii tumeliona hilo kwa macho yetu. Dada mmoja, bingwa wa zamani, alikuja jioni moja akawanyang'anya watoto mpira. Nusu saa nzima wakawa wanakimbia kutoka T hadi kona na kurudi, wakipiga hewa. Wengine walinuna. Jioni iliyofuata walikuwa wa kwanza kufika, wakamngoja mlangoni.

Hatusemi kila bingwa ni mwalimu. Wapo waliocheza kwa kipaji tu, na ukiwauliza walifanyaje hawana la kukueleza. Kwa sababu hiyo tunaomba wapelekwe kozi ya ukocha kwanza, na wakirudi walipwe posho inayoeleweka. Dada yule ana duka na watoto. Hatuwezi kumwomba afunge biashara kila jioni kwa ahsante peke yake. Hapo ndipo tunapowapoteza watu hawa, na inatuuma sana.

Mwaka 2028, kule Los Angeles, skwoshi itachezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Tunaona huu ndio wakati wa kubisha hodi kwenye ofisi za michezo, mchezo wetu ukiwa unasikika.

Kwa hiyo tunakuomba utufikishie ombi la kozi na posho kwa wanaohusika. Utusemee pia kwa wenye viwanja, watuachie saa za alasiri, wanachama wao wakiwa bado kazini.

Baada ya risala hii watoto watakuonyesha zoezi lile la bila mpira, na dada huyo ndiye atakayewaongoza. Ukipenda kujaribu, viatu vya kuazima vipo.

Tunaomba kuwasilisha.