Theluji sio ya Wazungu peke yao

Ndugu mhariri,

Nimesoma barua ya yule ndugu wiki iliyopita, anasema sisi wazazi tulioko Marekani tunaopandisha watoto milimani kipindi cha theluji tunaiga Wazungu na iko siku tutalia. Mi niko Aurora hapa Colorado, nina watoto wawili, na kulia nilikaribia kweli, ila sio kwa sababu ya baridi kama anavyodhani yeye.

Mtu akisikia theluji anawaza baridi tu, basi mtoto anavalishwa manguo mpaka mikono haishuki. Kumbe shida kubwa ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, kule juu hewa ni nyepesi na mwili unataka muda kuizoea. Denver yenyewe iko mita 1,609, unaendesha gari kama masaa mawili unafika Bear Lake ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, na pale paking tu ni karibu mita 2,900. Mi kwetu Marangu, kambi ya Mandara pale Kilimanjaro ni mita 2,720 na kuifika unatembea masaa matatu manne kutoka getini, pole pole, sasa huku mtoto anashuka kwenye gari yuko juu kuliko mtu wa Mandara na pipi bado iko mdomoni. Mwili haujapata habari.

Februari mwaka jana tulikodi viatu vya theluji, yale mapana ya plastiki unafunga chini ya buti usizame, tukaanza kwenda Nymph Lake. Ni kama mita 800 tu, hata kuita safari naona aibu. Binti yangu wa miaka 7 kufika katikati akakaa chini. Nikamwambia inuka mama, acha kudeka. Nikampa biskuti akakataa, biskuti zile zile ambazo nyumbani tunazificha juu ya friji! Hapo ndo nilitakiwa kushtuka, maana mtoto wa umri ule hakwambii kichwa kinauma, ananuna tu, hataki kula, analalamikia glavu, na mimi nikaona ni tabia nikamvuta mkono twende. Dakika kumi hazijaisha akatapika, kaka yake kasimama pembeni anatuangalia, sijui nani alikuwa anamtia aibu zaidi.

Tukageuza. Estes Park iko kama mita 600 chini ya pale, na tulivyofika mjini akaniuliza chipsi ziko wapi. Dawa ilikuwa kushuka tu.

Siku hizi tunalala Estes Park usiku mmoja kwanza, na anayeamua tunafika wapi ni mdogo, sio mimi. Chupa ya maji naiweka kichwa chini kwenye begi, kwa sababu maji yanaanza kuganda juu, ukiisimamisha kawaida mdomo unaziba na mtoto anakaa na kiu wakati hewa ya kule kavu ajabu. Kwenye chupa ya chai naweka uji, watu wanashangaa ila baadae wanaomba kikombe. Na pamba ni marufuku, mtoto anatoka jasho akipanda, akisimama tu ile fulana mbichi inamgandisha, soksi ndo usiseme, za sufu tu. Losheni ya jua pia, hadi chini ya kidevu, theluji inarudisha jua kutoka chini, na weusi wetu hautuokoi hapo.

Mbele ya Dream Lake, ziwa linalofuata baada ya Nymph, hatuendi. Kule juu kuna miteremko ambayo theluji inaweza kuporomoka, na utabiri wake unatolewa kila siku msimu wa baridi, kwa hiyo mzazi anayepita na mtoto bila kuusoma, huyo yule ndugu amseme tu, simtetei.

Ila hili la kuiga hapana bana. Mkubwa wangu yuko darasa la nne, na huku mtoto wa darasa hilo anapewa pasi ya kuingia bure mbuga za taifa, yeye na waliomo kwenye gari lake, sasa nimfungie ndani na tableti mpaka Aprili? Babu yangu aliiona theluji ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, kila asubuhi na amekufa hajawahi kuigusa. Vitukuu wake wanaitafuna.

Yule ndugu akija Denver anitafute, viatu vya ziada vipo na mzula nitampa. Jinzi aziache nyumbani.

Baba wa wawili,
Aurora, Colorado